Ukingo wa Kushoto

Kosa la Vumbi lilichukua dakika nne tu, na katika dakika hizo nne alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo mwaka mzima. Huo ndio ubaya wa makosa ya mapenzi. Kama yangekuwa yanauma wakati wa kuyafanya, nani angeyafanya?

Alifika karakanani saa mbili asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alijiambia kwamba anakwenda kumalizia kazi ya mteja, lakini huo ulikuwa uongo wa kujidanganya mwenyewe, maana ubao wa mteja aliupita bila hata kuutupia jicho. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kuchongea, akafunga mlango, akawasha taa.

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilipakwa rangi ya buluu iliyokoza, na taa mbili ndefu zilifungwa ukutani, moja kila upande, kwenye kimo cha kiuno cha mtu. Baba yake alizifunga chini hivyo makusudi, ili mwanga upite sambamba na ubao na kila kivimbe kitupe kivuli chake. Katikati ya chumba, juu ya stendi mbili zilizovikwa sponji, ulilala ubao wa Mrefu.

Asiyeijua kazi hii anadhani ubao wa kupanda mawimbi unatoka kiwandani kama sahani. Wapi! Unaanza kama gogo la povu gumu jeupe, lenye ufito mwembamba wa mti katikati. Fundi analikata kwa kiolezo, analipiga randa, analipiga msasa, siku baada ya siku, mpaka kingo mbili zifanane na mkia ukae sawa na pua. Akiridhika, anachukua penseli na kuandika jina lake juu ya povu, pembeni ya ufito. Kisha ubao unahamia chumba cha pili kuvishwa kitambaa cha faiba na kumwagiwa gundi, na gundi ikishakauka, lile jina halifutiki tena. Kwa hiyo baba yake Vumbi alikuwa na amri moja ambayo hata wateja waliijua: ubao ambao haujasainiwa haushikwi na mkono wa pili.

Na Vumbi alikuwa binti wa karakana ile. Shangazi yake alimpa jina hilo akiwa na miaka sita, kwa jinsi alivyokuwa akitoka chumbani kwa baba yake mweupe kuanzia nyusi hadi kucha. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, mchongaji wa mkono wa kushoto ambaye wapanda mawimbi walikuwa tayari kumsubiri miezi mitatu, na moyo wake ulikuwa mikononi mwa mtu wa chumba cha pili.

Mrefu alikuwa mpakaji wa gundi. Miaka sita alikuwa akimwaga gundi juu ya mbao walizochonga baba na binti, na miaka mitatu kati ya hiyo alikuwa akimpenda binti waziwazi, bila kujificha. Wajomba zake walikuja kuposa mara mbili. Mara ya kwanza mzee aliwanywesha chai na kuwaambia hapana. Mara ya pili hakuwanywesha hata chai. "Binti yangu ni fundi," alisema. "Simpi mtu ambaye kazi yake ni kumalizia kazi ya wenzake. Achonge ubao mmoja, mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono wake peke yake. Nikiuona, nitajibu."

Basi Mrefu alichonga. Aliharibu mapovu matatu, la nne ndilo hili lililolala hapa, na leo Alhamisi saa nne mzee angekuja kulikagua. Isitoshe, karakana moja ya mbali, mwendo wa siku mbili, ilikuwa imemwita Mrefu kazini kuanzia Jumatatu. "Mzee akikubali, nabaki," alimwambia Vumbi bila kuzunguka. "Akikataa, naondoka na sirudi. Siwezi kupaka gundi mbao zako huku nakuona unaolewa na mwingine."

Hayo yote yalikuwa kichwani mwa Vumbi alipoweka kiganja juu ya povu. Alianzia kwenye pua na tabasamu likamjia lenyewe, maana kazi ilikuwa nzuri, nzuri kuliko alivyotegemea. Alishuka taratibu na ukingo wa kulia hadi mkiani, akarudi na ukingo wa kushoto. Shibiri moja kabla ya mwisho, kiganja kilisimama.

Ukingo wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Ilikuwa tofauti ndogo, unene wa ukucha, lakini mpanda mawimbi angeisikia kila akitaka kugeukia upande ule. Na baba yake, ambaye hukagua akiwa amefumba macho, angeisikia hata akiwa amelala.

Alichukua msasa akauviringisha kwenye kijiti. Alisugua kutoka mkiani kwenda puani, kama alivyozoea kwa sababu ya ushoto wake, akapima kwa kiganja, akasugua tena, akapima. Kisha akafagia unga, akaupuliza uliobaki, akarudisha msasa mahali pake. Alikuwa amemwokoa mume wake mtarajiwa, tena bila mwenyewe kujua. Na tuseme ukweli, ndani ya furaha ile palikuwa na kajivuno. Mtu hupenda kumwokoa ampendaye, na hupenda zaidi anapoweza na mwenzake hawezi.

Saa tatu na nusu mlango ulifunguliwa.

"Umekuja kuniibia ubao?"

Mrefu alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa kwa mazoea, kwa kuwa fremu za karakana ile zilishampiga mara zisizo na hesabu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shati jeupe karakanani," Vumbi alisema. "Kwani leo unaolewa?"

"Afadhali ningekuwa naolewa. Anayeoa ndiye anayehojiwa na baba mtu."

Walicheka wote wawili, kicheko cha watu ambao hawakulala vizuri. Mrefu alimsogelea akamtazama kwa macho yale yaliyokuwa yakimfanya Vumbi asahau alichotaka kusema.

"Umekunywa chai?" Vumbi aliuliza.

"Haipiti."

"Hata mimi."

"Una unga kwenye nyusi." Alimfuta taratibu kwa kidole gumba, nyusi ya kwanza, kisha ya pili. "Ndiyo maana ya jina lako. Hata kazi haijaanza umeshachafuka."

Vumbi alicheka, na moyo wake ukapiga teke. Hapo ndipo angesema. Alijua kabisa kwamba hapo ndipo angesema, lakini kidole kilikuwa kimeshuka shavuni mwake, akaona haya kukiondoa.

"Nikwambie siri?" Mrefu alisema. "Ubao una kosa."

"Kosa gani?"

"Litafute mwenyewe. Si wewe ndiye bingwa?"

"Mrefu, acha mchezo. Kosa gani?"

"Mkiani, ukingo wa kushoto, shibiri moja kutoka mwisho. Umebaki mnene. Nililiona juzi mchana nikapiga magoti hapa kulitazama, nikashika msasa, halafu nikauweka chini."

"Kwa nini?" Sauti ya Vumbi ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Kwa sababu povu langu la pili nililiharibu hivyohivyo, kwa kurekebisha. Kingine..." Alivuta pumzi. "Miaka sita, Vumbi, kila kosa la fundi mwingine nimelifunika mimi kwa gundi. Yako, ya mzee, ya wote. Hili ni la kwanza kuwa langu. Nataka nimwonyeshe mzee kwa kidole changu, nimwambie, hapa nimekosea na ninajua nimekosea. Mpakaji wa gundi hajui kosa liko wapi. Mchongaji anajua."

"Na akikukataa kwa ajili yake?"

"Atakuwa amenikataa mimi. Sitakuwa na kinyongo."

Maneno yalikuwa mdomoni mwa Vumbi, mafupi na mepesi: mpenzi wangu, nimeligusa. Lakini mtu ambaye ametoka tu kujisifu moyoni hawezi kushuka haraka hivyo. Akajiambia labda halitaonekana, labda Mrefu akipapasa atadhani alikosea juzi. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia pale sauti ya shangazi ilipowafikia kutoka nje.

"Haya jamani, mzee anakuja! Na leo kavaa miwani! Mtu anakagua kwa macho ya kufumba halafu anavaa miwani, mlishaona wapi?"

Shangazi ndiye aliyewapokea wateja pale mbele, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliingia kwanza, akamtazama Mrefu kuanzia kwenye shati hadi kwenye viatu, akaguna kwa kuridhika, kisha akasimama karibu na Vumbi na kumkamata mkono. Baba aliingia nyuma yake, mtu mfupi, mkavu, mwenye kifua kilichochoshwa na vumbi la miaka arobaini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mzee alivua ile miwani iliyochekwa, akaitia mfukoni, akafumba macho, akaweka viganja viwili juu ya ubao. Mikono ya mzee ilikwenda taratibu, mmoja kila ukingo, kama inasoma.

"Pua nzuri," alisema.

Shangazi akamfinya Vumbi. Mzee yule hakuwa mtu wa kusifu. Binti yake mwenyewe alisubiri miaka miwili kusikia neno 'nzuri', na siku alipolisikia alijifungia chooni akalia.

Mikono ilishuka. Ilipita katikati, ikafika mkiani. Mkono wa kulia ulipumzika. Wa kushoto ulisimama, ukarudi nyuma, ukaenda tena, ukarudi. Mzee alifumbua macho akatazama kiganja chake, ambacho kilikuwa na unga mweupe mwembamba. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Mrefu.

"Kabla sijasema langu, una lolote la kusema?"

"Ninalo, mzee." Mrefu alisogea. "Kuna mahali nimekosea. Nilitaka nikuonyeshe mwenyewe. Ni hapa, ukingo wa..."

Kidole chake kilipita juu ya povu bila kukwama. Alirudisha. Kikapita tena. Alibadilisha akaweka kiganja kizima, akapapasa huku na huku, na Vumbi akaona tabasamu likimtoka usoni polepole. Mrefu alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na mwanga wa taa. Ubao mzima ulikuwa na mistari myembamba ya msasa iliyoinamia upande mmoja, kutoka puani kwenda mkiani. Pale mahali, upana wa kiganja, mistari iliinamia upande wa pili. Na karakana nzima ilikuwa na mkono mmoja tu uliosugua kwa namna ile.

Aliifuata mistari ile kwa kidole mpaka mwisho.

"Hakuna kosa hapo," mzee alisema kwa sauti ya upole ambayo si yake. Alitoa penseli nyuma ya sikio akamnyooshea. "Mimi sijaona kosa. Saini."

Shangazi alianza kupumua kwa nguvu. Vumbi aliomba moyoni kwa maombi yote aliyowahi kufundishwa: chukua, mpenzi wangu, saini, nitakueleza baadaye, nitakuomba radhi maisha yangu yote.

Mrefu alisimama, akapokea penseli, akainama juu ya ufito. Ncha ilikaribia povu, ikasimama. Kisha akailaza penseli juu ya ubao bila kuandika kitu.

"Siwezi, mzee. Huu si wangu."

"Ni wa nani?"

Mrefu alitazama ukuta. Hata saa ile, Mungu wangu, hata saa ile alikuwa anamsitiri.

"Ni mimi, baba," Vumbi alisema. "Nimeugusa mimi. Leo asubuhi."

"Ee mtoto wewe!" Shangazi alipiga makofi. "Ee! Umetumwa na nani?"

Mzee alimtazama binti yake, na katika macho yale hamkuwa na hasira. Mlikuwa na uchovu. "Dada, tutoke," alimwambia shangazi. "Hakuna ubao wa kukagua hapa."

Mlango ulifungwa, wakabaki wawili.

"Mrefu."

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla hujafika. Nilikuja kuuona tu, nakuapia, sikuja na nia ya kugusa. Nikasikia ule ukingo, nikaogopa..."

"Kwa hiyo nilipokuwa nasimama hapa nikikueleza, ulikuwa umeshamaliza."

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nakufuta nyusi." Alicheka kicheko kibaya. "Nimefuta unga wa ubao wangu usoni mwako kwa kidole changu mwenyewe. Na wewe ukanyamaza, ukafumba macho, ukafurahia."

"Nilitaka kukwambia."

"Ulikuwa na robo saa nzima! Nilikwambia mpaka shibiri. Nilikwambia kwa nini. Ulisubiri nini, nikuchoree?"

"Niliogopa kukupoteza, Mrefu! Wewe mwenyewe ulisema akikataa unaondoka. Ulitaka nikae nikunje mikono na huku najua ataliona?"

"Nilitaka uamini kwamba na mimi nimeliona."

Ukweli ni kwamba Vumbi alipoligusa lile kosa hakujiuliza hata mara moja kama Mrefu analijua. Halikumpita kichwani. Kwake Mrefu alikuwa mtu wa chumba cha pili, kama baba alivyosema, na yeye alikuwa amelaani maneno ya baba miaka mitatu mizima kumbe ameyameza.

Alipoona ameshikwa pabaya, alifanya kama sisi sote. Alikasirika.

"Na wewe na kiburi chako! Angekuwa mwanamume mwingine angesaini. Baba amekunyooshea penseli kwa mkono wake, Mrefu! Hajawahi kufanya hivyo kwa mtu. Ungeandika jina, tungekuwa tunashangilia saa hizi. Lakini hapana, lazima uwe mtakatifu!"

"Ungeweza kukaa na mume huyo? Mwenye jina lake juu ya kazi yako?"

"Ndiyo!"

"Mimi nisingeweza kukaa naye."

"Miaka mitatu nimekungoja. Watu wameposa nimewafukuza, shangazi amenisema mpaka amechoka, nimegombana na baba kwa ajili yako mezani, kila wiki. Yote hayo huyaoni. Unachoona ni dakika nne."

"Nayaona." Sauti yake ilishuka, na Vumbi aliogopa zaidi kuliko alipokuwa akifoka. "Nayaona, na ndiyo yaliyonishikilia. Baba yako alinikataa mara mbili. Nilitoka hapa nikitembea wima, unajua kwa nini? Nilikuwa najiambia, sawa, mzee haniamini, lakini nyumba ile ina mtu mmoja anayeiamini mikono yangu. Huyo alinitosha."

"Naiamini."

"Ulichukua msasa, Vumbi."

Machozi yalianza kumtoka. Alimshika shati, lile jeupe, akaliacha na alama za vidole. "Chonga mwingine. Wiki mbili tu. Sitaingia humu. Nitampa baba ufunguo, nitakaa nyumbani."

"Jumatatu naanza kazi."

"Basi twende wote. Leo leo. Nafunga virago sasa hivi, baba aseme atakavyosema."

Mrefu alimtazama, na kwa muda mfupi Vumbi aliona yale macho yake ya zamani yakitaka kurudi. Akasogea kifuani kwake. Lakini Mrefu alimshika mabega akamzuia, kwa upole wote, kama mtu anayezuia mlango usigonge.

"Uje kunisahihisha?"

Hakulisema kwa ukali. Lingekuwa na ukali Vumbi angelijibu. Alimwachia mabega, akainamisha kichwa asigongwe na fremu, akatoka. Vumbi alisikia viatu vyake vikipita chumba cha gundi bila kusimama, vikapita mbele, kisha viatu vingine vya haraka haraka vikavifuata uani.

Alibaki amesimama kati ya taa mbili. Hakuugusa ubao. Kisha alitoka nje akamkuta baba yake anarudi kutoka getini, anahema, mkono kifuani. Mzee hakuwa mtu wa kukimbia, na alikuwa amekimbia.

Vumbi alimvamia kwa yale yaliyombaki rohoni. "Umefurahi? Umepata ulichotaka. Kaondoka."

"Kaa chini, mama."

"Sikai! Ulijua mkono ni wangu. Ukaona unga kiganjani. Ukamtega na penseli yako!"

"Sikumtega." Mzee alikaa yeye, kwenye ngazi, akasubiri pumzi imrudie. "Nilimpa ili yapite. Maisha yangu yote sijampa mtu penseli asaini kazi iliyoguswa. Leo nilitaka yapite."

"Ungekataa tu hata kama nisingegusa. Kosa lilikuwepo."

"Lilikuwepo. Ukingo wa kushoto, shibiri moja kutoka mwisho."

Vumbi alimtazama.

"Jana jioni mlipotoka niliingia nikaukagua peke yangu," mzee alisema. "Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na makosa saba. Wako manne. Wake moja. Nilikuwa nimeshakubali jana, mwanangu. Leo nilitaka kusikia kitu kimoja tu, kama lile kosa analijua au halijui. Ukilijua kosa lako wewe ni fundi. Basi. Hapakuwa na mtihani mwingine."

"Umekubali jana." Vumbi aliyarudia maneno kama mtu asiyejua lugha.

"Shangazi yako anajua. Nilimwambia asifumbue mdomo mpaka leo mchana." Siri pekee ambayo shangazi aliwahi kuitunza maishani mwake ilikuwa hiyo.

Vumbi alinyoosha kidole getini. "Mwambie, baba! Mkimbilie umwambie!"

"Ndiyo nimetoka kumwambia. Hapo getini. Nimemwambia kijana wangu, nimekubali, tangu jana nimekubali, na ubao wako niliuona kabla haujaguswa, ni kazi yako na ni nzuri."

"Akasemaje?"

Mzee alifuta paji la uso kwa mkono wenye unga. Hakuna mzazi apendaye kumpa mtoto kitu kama kile.

"Alinishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru. Halafu akasema, mzee, miaka yote hii nilidhani mgumu ni wewe."

Vumbi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye saruji. Hakulia. Kilio kingekuwa nafuu, na nafuu haikuja. Kumbe ukuta alioupiga ngumi miaka mitatu ulikuwa umeshaanguka tangu jana jioni, na yeye ndiye aliyeamka asubuhi na mapema kuujenga upya kwa mkono wake wa kushoto.

Walikuwa bado pale pale shangazi alipotoka, simu kiganjani, mkono mwingine ameziba mahali pa kuongelea. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaka," alinong'ona, "ni mjomba wake. Jana nilimdokeza tu kwamba mambo ni mazuri, wakae tayari. Anasema Jumamosi wanakuja watu saba, wameshakubaliana. Anauliza waje saa ngapi. Ana furaha huyo, jamani, anacheka peke yake huko. Hajaongea na Mrefu. Nimwambie nini?"

Mzee alinyoosha mkono apokee. Ilikuwa ni kazi yake, kazi ya baba mwenye nyumba. Angesema nimebadili mawazo, wangemlaani yeye, na yeye alishazoea.

"Nipe mimi," Vumbi alisema.

"Mama, acha. Nitaongea nao."

"Nipe, shangazi."

Simu ilikuwa ya moto kwa kushikwa. Upande wa pili palikuwa na sauti za watu wengi, mwanamke mmoja akiuliza wavae nini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe wetu!" Sauti nene, changamfu, ya mtu anayejua kucheka. "Haya, niambie, saa nane au saa tisa? Maana huku wanawake hawashikiki."

"Mjomba, msije."

Kelele za kule zilipungua, kisha zikakatika kabisa.

"Tusije?" Mjomba alishusha pumzi. "Mzee kakataa tena?"

Vumbi alimtazama baba yake pale kwenye ngazi. Mzee alimwitikia kwa kichwa, mara moja, kumruhusu: sema ni mimi.

"Hapana, mjomba," Vumbi alisema. "Baba alikubali. Aliyemkataa Mrefu ni mimi."